Programu ya simu, taarifa ya TMA au dalili za wazee: ipi ya kufuata kabla ya kuanika, kupanda na kusafiri

Dagaa mchele wakitoka kuchemshwa kwenye maji ya chumvi wanataka jua la siku nzima. Wakinyeshewa wakiwa nusu wamekauka, rangi hugeuka, harufu hupanda, na mnunuzi aliyekubali bei jana leo anakuelekeza kwa watengeneza chakula cha kuku. Aprili moja nilijaza chanja nne hapa Tanga kwa kuamini picha ya jua niliyoiona kwenye simu asubuhi. Saa nane mchana wingu likatokea baharini, na tulipomaliza kuanua tulikuwa tumelowa sisi na mzigo wetu. Jioni mama akapiga simu kutoka Muheza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huko mmenyeshewa?"

"Tumenyeshewa mama, na dagaa wamelowa wote."

"Redio si ilisema tangu jana usiku? Mimi karafuu zangu sikuzitoa nje."

Kaka yangu, ambaye ni mvuvi Kigombe, naye hakuwa na simu wala redio siku hiyo, lakini hakwenda baharini. Alisema upepo wa asubuhi haukumpendeza. Familia moja, vyanzo vitatu, na mimi ndiye niliyepoteza mzigo. Tangu siku hiyo nina daftari: ukurasa mmoja kila siku, simu ilisema nini, Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ilisema nini, kaka alisema nini, na mbingu zikafanya nini. Ninayoyaandika hapa yanatoka kwenye daftari hilo na katika kuuliza na kusoma namna taarifa hizi zinavyotengenezwa. Naandika nikiwa pwani ya kaskazini ya Tanzania. Aliye Mombasa au Malindi atayaona yaleyale, isipokuwa taarifa zake zinatoka Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ambayo ina wakurugenzi wake hadi ngazi ya kaunti.

Kabla ya kuchagua

Kosa langu la Aprili halikuwa kutumia simu. Nilikiuliza chanzo kimoja swali lisilo lake. Jicho na ngozi vinaona nusu saa mbele, pengine saa nzima. Picha ya setilaiti inaona saa mbili tatu. Taarifa ya Mamlaka inaona siku moja hadi tano. Mwelekeo wa msimu unaona miezi mitatu, lakini kwa ukungu mwingi. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua unapanga kitu cha muda gani.

La pili ndilo lililonisaidia zaidi: nikikosea, napoteza nini? Nikianua nguo na mvua isinyeshe, nimepoteza dakika kumi. Nikipakia watoto kwenye boti na upepo ukachafuka, hapo hakuna hesabu ya kupiga. Chanzo kimoja kinaweza kutosha kwa nguo na kisitoshe kabisa kwa boti, hata kama utabiri wenyewe ni uleule.

Programu ya simu

Sifa zake zinajulikana. Ipo mfukoni, inajua ulipo, inakupa saa kwa saa, na haikungojeshi hadi taarifa ya habari. Kwa joto na upepo wa baharini naitegemea, na daftari langu linaitetea. Joto la Tanga halibadiliki sana kutoka siku hadi siku, na upepo mkubwa wa kusi au kaskazi ni kitu kipana ambacho kompyuta inakiona vizuri.

Mvua ndipo inapoanza shida. Programu nyingi za bure hazina mtaalamu anayeangalia Tanga. Zinachukua hesabu kutoka kwa modeli kubwa za dunia, yaani programu za kompyuta zinazokokotoa hali ya hewa ya dunia nzima, mojawapo ikiwa ile ya kituo cha Ulaya kinachoitwa ECMWF, na kuzigeuza kuwa picha ndogo ya jua au wingu. Modeli hiyo ya Ulaya inaigawa dunia katika vipande vya takriban kilomita 9, na nyingine hutumia vipande vikubwa zaidi. Wingu letu la mvua la mchana linaweza kuwa na upana wa kilomita tatu au nne tu. Linakua, linamwaga na kufa ndani ya saa moja. Modeli inajua kwamba leo hewa ina unyevu wa kutosha kuzaa mawingu ya namna hiyo, lakini haiwezi kukuambia wingu litazaliwa Chumbageni au Pongwe. Ulaya, ambako mvua nyingi huja na mkanda mrefu wa mawingu unaosafiri kutoka magharibi, picha ileile inaaminika zaidi. Huku kwetu mvua huchemka hapohapo.

Milima nayo inaongeza ugumu. Amani, juu ya Usambara Mashariki, hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka. Tanga mjini ni kama 1,300. Ukizunguka hadi Same, upande wa kivuli cha milima, unakuta kama 550. Hapo kote ni mwendo wa saa chache kwa basi, na programu yenye vipande vikubwa inaweza kuyachanganya maeneo hayo kama uji.

Kama utaitumia, na najua utaitumia, yapo mambo manne niliyojifunza kwa hasara. Kwanza, angalia saa zake: 15:00 ni saa tisa alasiri, 03:00 ni saa tisa usiku. Nimekutana na watu wazima wenye akili zao wanaoanua nguo saa tatu asubuhi kwa sababu simu iliandika 3. Pili, modeli ya Ulaya huanza hesabu yake mpya saa tisa usiku kwa saa zetu, na matokeo huwa yamekamilika kama saa nne asubuhi. Anayefungua simu alfajiri anasoma hesabu ya jana. Tatu, asilimia 40 ya mvua haina maana kwamba itanyesha kidogo. Ni kipimo cha uwezekano, na mvua yenyewe ikija inaweza kuwa ya kuziba mitaro. Nne, usisome picha ya siku ya kumi kana kwamba ni ahadi. Baada ya siku tano hivi, mimi huiona kama dokezo tu.

Kuna kitu kimoja kwenye simu ambacho watu wengi hawakifungui, nacho kina thamani kuliko picha zote za jua: picha ya setilaiti. Setilaiti za Meteosat zinaitazama Afrika Mashariki na Bahari ya Hindi na kutuma picha mpya kila dakika 15. Programu kama Windy zinazionyesha bure. Hapo hupewi utabiri, unaonyeshwa mawingu yaliyopo sasa hivi na yanakokwenda. Kundi jeupe likiwa juu ya mkondo wa Pemba na linasogea kwako, una muda wa kuita watu wa kuanua. Kwa kazi yangu ya kuanika, hii ndiyo iliyochukua nafasi ya picha ya jua.

Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania

TMA ilikuwa wakala tangu 1999, kisha ikawa mamlaka kamili kwa sheria ya 2019. Kwa mwananchi, tofauti yake na programu ni kwamba kuna watu. Wanaangalia modeli hizohizo za dunia, lakini wana vituo vyao vya kupimia, wana rada, na wana uzoefu wa miaka mingi wa namna masika ya pwani yanavyotenda.

Lugha yao ndiyo inayowaponza. "Mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua," watu husikia na kusema hao wanajilinda tu, maana ikinyesha wamesema, isiponyesha wamesema. Mimi nilikuwa mmoja wao. Siku hizi nadhani sentensi hiyo ni ya haki kuliko picha ya simu. Inasema kwamba mkoani mwako mvua itashuka mahali fulani na sehemu kubwa zaidi haitalowa, na hakuna anayeweza kukutajia mtaa tangu jana. Ikibadilika na kuwa "baadhi ya maeneo," eneo linalolowa limeongezeka. Ikifika "maeneo mengi," mimi sianiki. Hayo ni madaraja, na ukiyasikiliza kwa mpangilio huo kila usiku baada ya taarifa ya habari, utaanza kuyaona yanavyopanda na kushuka na majira.

Kikubwa zaidi ni tahadhari ya siku tano. Hii inatolewa kwa rangi na maneno matatu ambayo kila nyumba ya pwani ingepaswa kuyajua. Angalizo, rangi ya njano. Tahadhari, rangi ya chungwa. Tahadhari kubwa, nyekundu. Pembeni yake husemwa uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari, kila kimoja kikiwa kidogo, cha wastani au kikubwa. Wengi huruka sehemu hiyo, nayo ndiyo nyama ya taarifa. Angalizo lenye uwezekano mkubwa na athari ndogo ni siku ya kubeba mwavuli. Tahadhari yenye uwezekano wa wastani na athari kubwa ni siku ya kuwahamisha watoto na mbuzi kutoka bondeni, hata kama pengine haitatokea.

Kuna namba tatu za kukariri. Wanaposema mvua kubwa, wanazungumzia zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Upepo mkali ni unaofikia kilomita 40 kwa saa. Mawimbi makubwa ni yanayofikia mita 2. Ili kuelewa milimita 50 ni nini, kumbuka mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 20, 2011: siku ile zilipimwa zaidi ya milimita 150 kwa siku moja, mara tatu ya kiwango hicho.

Watu huacha kusikiliza tahadhari kwa sababu kuna zilizotolewa na yasitokee makubwa. Nataka kukaa hapa kidogo, maana ndipo roho za watu zilipo. Aprili 2019 Mtwara iliambiwa ijiandae kwa kimbunga Kenneth, na watu wakahamishwa. Aprili 25 Kenneth kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya mpaka, kikaua na kubomoa. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilielekea Dar es Salaam, kikaishiwa nguvu kabla ya kufika. Mtu anaweza kusema mara mbili wametutisha. Kisha Mei 2024 kikaja Hidaya. Boti za Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa, na Mei 4 kikafika Mafia. Aliyekuwa amechoka kuambiwa habari za Kenneth na Jobo hakuwa na namna ya kujua kwamba cha tatu kingetua.

Vimbunga ni nadra kwetu kwa sababu karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauupi upepo msukumo wa kutosha kujizungusha. Tanga ipo kama digrii 5 kusini mwa ikweta, Mtwara kama 10, ndiyo maana Mtwara na Lindi ndizo zinazotazamwa kwanza. Nadra hakumaanishi kamwe: Zanzibar ilipigwa Aprili 1872, na Lindi Aprili 1952. Ukiyatazama matukio yote haya, yameangukia Aprili na Mei mapema, wakati bahari bado ina joto la kaskazi. Katika wiki hizo mimi huangalia tahadhari ya siku tano kila siku, hata nikiwa sina mzigo wa kuanika.

Udhaifu wa taarifa ya Mamlaka ni ukubwa wa eneo. Inataja mkoa, wakati mimi nina chanja nne. Wala haikwambii saa kwa namna inayomtosha mwanika dagaa. Kwa hiyo hainisaidii kujua nianue saa ngapi. Inanisaidia kujua kama nianike.

Dalili za wazee na za baharini

Hapa watu hugawanyika vibaya, wengine wakizicheka na wengine wakizitukuza. Daftari langu linazigawa katika mafungu.

Fungu la kwanza ni dalili zinazoona kitu cha kweli kilicho karibu. Upepo wa baridi unaovuma ghafla mchana wa joto, ukiwa na harufu ya udongo, ni hewa iliyopozwa ndani ya wingu la mvua na kushuka kwa kasi kutangulia mvua yenyewe. Una dakika chache. Ngurumo nayo ni kipimo: hesabu sekunde kutoka umeme hadi sauti, kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ikipungua chini ya sekunde 30, toka baharini, toka shambani, toka chini ya mwembe. Kwa nusu saa ijayo hakuna programu inayomshinda mtu anayejua kutazama.

Fungu la pili ni pepo za msimu, na hapa ndipo kaka yangu alipo hodari. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Baina yao kuna maleleji, wakati wa tanga mbili, upepo haujakaa upande mmoja. Masika na vuli huja katika mabadiliko hayo kwa sababu mkanda wa mvua unaofuata jua unapita juu yetu ukienda na kurudi. Kwa hiyo nahodha anayesema "kusi limelegea, vuli inakaribia" anasoma jambo lilelile ambalo mtaalamu analisoma kwenye ramani. Asubuhi ile ya Aprili kaka alitegemea umande, yaani upepo mwepesi wa kutoka nchi kavu alfajiri. Haukuja. Badala yake kulikuwa na hewa nzito ya kutoka baharini, akavuta ngalawa juu.

Fungu la tatu linaeleza yaliyopita, si yajayo. Mwembe ukitoa maua mengi, wengi husema mwaka una ukame. Lakini mwembe huchanua kwa sababu ya ubaridi na ukavu wa miezi iliyotangulia, kwa hiyo unatoa ushahidi wa kipupwe kilichopita. Kumbikumbi huruka udongo ukishalowa. Wanathibitisha kwamba mvua imefika, nami nawashukuru kwa kitoweo. Duara kuzunguka mwezi hutokana na chembe za barafu katika wingu jembamba la juu sana, na huku kwetu wingu hilo huweza kuwa limepeperushwa kutoka dhoruba ya mbali isiyotuhusu.

Na ipo hazina ambayo inapotea. Wazee wa mwambao walikuwa na mwaka wa Nairuzi, unaohesabiwa kwa siku kumi kumi zinazoitwa miongo. Mkulima wa Pemba au wa Mrima, yaani pwani ya bara, aliulizwa "tupo mwongo wa ngapi?" kabla ya kutia mbegu ardhini, na nahodha vilevile kabla ya kusafiri. Mwaka ule una siku 365 kamili bila siku ya nyongeza, hivyo huteleza siku moja kila miaka minne, ndiyo maana siku ya Mwaka, ile inayosherehekewa kwa Mwaka Kogwa kule Makunduchi, siku hizi ni Julai ilhali katikati ya karne ya 19 ilikuwa Agosti. Kinachonigusa ni kwamba wataalamu wa hali ya hewa ya kilimo duniani kote nao hugawa mwezi katika mafungu ya siku kumi, na TMA hutoa taarifa ya kilimo kwa mafungu hayohayo. Siku moja ni fupi mno kwa mmea, mwezi ni mrefu mno. Wazee waliliona hilo bila kipimo cha bati.

Kule Bunyore, magharibi mwa Kenya, ukoo wa Nganyi wenye sifa ya kusoma mvua umewahi kukaa meza moja na wataalamu wa hali ya hewa, wakalinganisha utabiri wa pande zote mbili na kutoa kauli moja kwa wakulima. Ningependa kuona jambo kama hilo likifanyika na manahodha wa Pemba.

Mwelekeo wa msimu

Huu ni wa mama, kwa ajili ya shamba. TMA hutoa mwelekeo wa vuli, wa masika, na wa msimu kwa mikoa inayopata mvua mara moja kwa mwaka, kama Dodoma, Tabora, Mbeya, Ruvuma na Mtwara. Maneno yake ni "juu ya wastani," "wastani" na "chini ya wastani," na hutafsiriwa vibaya kila mwaka. Chukua mvua za masika ya miaka 30 uzipange kuanzia kavu kabisa hadi yenye mvua kabisa. Kumi za chini ni chini ya wastani, kumi za kati ni wastani, kumi za juu ni juu ya wastani. Wakisema kuna uwezekano wa asilimia 45 wa juu ya wastani, basi bado kuna asilimia 55 ya yale mengine mawili. Ni mizani iliyolemea upande mmoja kidogo.

Jambo ambalo wakulima wengi hawaambiwi: utabiri wa vuli unaaminika kuliko wa masika. Vuli inafuata bahari. Sehemu ya Bahari ya Hindi iliyo karibu nasi ikipata joto na ile ya Indonesia ikapoa, mvua za vuli huzidi, na ndivyo ilivyokuwa 1997, 2019 na 2023. Pasifiki ikiingia La Niña, yaani maji yake ya ikweta yakipoa kuliko kawaida, vuli huelekea kupungua. Ukame wa Somalia, kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia kuanzia mwishoni mwa 2020, uliomeza misimu mitano mfululizo, ulikwenda na La Niña hiyo. Masika hayana kiongozi mmoja anayeeleweka hivyo. Kwa hiyo mama akisikia mwelekeo mbaya wa vuli, anapunguza mahindi na kuongeza muhogo bila kusita. Akisikia mwelekeo wa masika, anagawa shamba: nusu anapanda mvua za kwanza, nusu anangoja mwongo mmoja, yaani siku kumi.

Tena msimu wa wastani unaweza kukuua njaa. Mvua yote ikimwagika ndani ya wiki tatu kisha jua likakaa mwezi, jumla ni ya wastani na mahindi yamekufa. Soma pia wanachosema kuhusu kuanza, kuisha na mtawanyiko wa mvua.

Kwa kuangalia haraka

| Chanzo | Kinaona mbele | Kitumie kwa | Usikitumie kwa |
|---|---|---|---|
| Picha ya jua au wingu kwenye programu | siku 1 hadi 3 | joto, upepo wa jumla | kujua mtaa wako utanyeshewa saa ngapi |
| Picha ya setilaiti | saa 2 hadi 3 | kuanika na kuanua | kupanga kesho |
| TMA saa 24 na siku 5 | siku 1 hadi 5 | safari, bahari, mafuriko | kazi ya saa kwa saa |
| Mwelekeo wa msimu | miezi 3 | aina ya mbegu, akiba ya chakula | tarehe ya kupanda |
| Upepo, wingu, ngurumo | dakika hadi saa 1 | kukimbilia usalama | msimu ujao |

Ninavyochagua sasa

Kuanika: usiku nasikiliza TMA. "Maeneo mengi" nawaacha dagaa kwenye chumvi. Vinginevyo naanika, turubai likiwa tayari limekunjwa kwenye kichwa cha kila chanja, na kuanzia saa nne nafungua setilaiti kila nusu saa. Nikiwa sina bando, namweka kijana mmoja atazame upande wa bahari. Dagaa huvuliwa zaidi siku za giza, mwezi usipong'aa, hivyo mzigo huja kwa mkupuo mmoja na huwezi kungoja wiki nzuri. Ndiyo maana turubai zito limenilipa kuliko programu yoyote.

Kusafiri baharini: hapa sipimi kwa wingi wa kura. Kimoja kikikataa, inatosha. Mamlaka ikitaja mawimbi ya mita 2, siendi Pemba hata kaka akisema bahari ni shwari. Na kaka akikataa, siendi hata Mamlaka ikiwa kimya. Kwa walio Ziwa Victoria kuna la kuongeza: dhoruba nyingi za ziwani huzaliwa usiku, pepo za nchi kavu kutoka pande zote zinapokutana katikati ya ziwa, wakati uleule mvuvi yupo nje na taa zake. Machweo mazuri pale si cheti cha usalama, kwa hiyo sikiliza utabiri wa ziwa kabla ya kusukuma mtumbwi.

Kupanda: mwelekeo wa msimu kwa kuchagua mbegu, taarifa ya siku kumi kwa kuchagua wiki, na kopo kwa kuamua siku.

Kopo ni hili. Chukua la bati la maziwa ya unga, lenye kuta zilizonyooka kutoka chini hadi juu. Liweke mahali pa wazi, mbali na mti au nyumba mara mbili ya urefu wa kitu hicho, lisipate matone ya upenuni. Kila siku saa tatu asubuhi, saa ileile vituo vinapopima, tumbukiza rula, andika milimita, mwaga. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Paa la mama la mita 6 kwa 8 likipata milimita 20 linaweza kutoa karibu lita 960, simtanki la lita elfu moja karibu limejaa, ukitoa kinachopotea kwenye michirizi. Na kwa kupanda, kopo linamwambia kama mvua ya jana ilifika mizizini au ililaza vumbi tu.

Saa tatu na robo mama ananipigia simu.

"Kwangu kumi na nane. Kwako?"

"Kavu mama. Hata tone."

"Basi ndiyo maeneo machache hayo mwanangu. Anika."